Bibi Mwenye Nyumba wa Kitunguu

Juzi mjukuu wangu Nuru alikuwa amelala kifudifudi kwenye mkeka wa ukumbini, kalamu za rangi zimemzunguka, anachora kitu kama andazi lililopasuka. Ndani ya andazi mna madoa, mistari iliyojikunja, na gololi moja kubwa ya zambarau. Mamake akampita na sinia, akamwambia, "Mwombe bibi yako akusikilize, mimi nina sambusa motoni." Nuru akacheka puani. "Bibi? Haya ni baiolojia, Mama."

Nikavaa miwani yangu, nikainama, nikaweka ukucha juu ya ile gololi. "Huyu ndiye bibi mwenye nyumba," nikamwambia. "Hapiki, hafagii, hafungui mlango. Kazi yake ni kutoa amri. Na huyu mwenye mikunjo tumboni ndiye mchochea makaa. Mfunga vifurushi umemsahau, hukumchora." Mtoto akaniangalia kama aliyeona paka akisoma gazeti.

Darasa la nne sikulimaliza, na siombi radhi kwa mtu. Lakini seli naijua tangu meno yangu ya mbele hayajaota mara ya pili, na niliijua kwa njia ambayo mwalimu wa Nuru hajawahi kuipita. Wenzangu wa rika langu mtanielewa. Zamani zetu hakuna aliyekuketisha akakueleza jambo. Ulilidaka mlangoni, nyuma ya pazia, nusu nusu, na nusu iliyobaki ukaijaza mwenyewe kwa akili yako ya kitoto.

Tulikaa kichochoro kimoja nyuma ya Ndia Kuu, ile barabara ya Mji wa Kale, ghorofani, juu ya duka la Baba. Baba alikuwa fundi saa. Kutwa nzima alikaa nyuma ya meza yake ndogo, kijikombe cheusi chenye kioo cha kukuzia amekibana jichoni, na ukutani saa za watu zikibishana kila moja na wakati wake. Mama alikuwa mpakaji hina. Maharusi wa Mji wa Kale wengi walipita mikononi mwake, na bakuli la hina halikukauka uani kwetu. Hata mito yetu ya kulalia ilinuka hina na ndimu. Mimi nilikuwa kitinda mimba, mdadisi, mwenye magoti ya makovu. Na juu yangu, kwa miaka tisa, alikuwako dadangu Maimuna, msichana wa pekee katika kichochoro chetu aliyekuwa akienda skuli ya sekondari.

Jumatatu moja alasiri alikuja Shangazi, dada mkubwa wa Baba. Shangazi sauti yake ilipanda ngazi kabla yake. Hakungoja kahawa.

"Msichana keshafika kimo cha mlango, na wewe wamwacha achezee madaftari," akamwambia Baba. "Wale watu wa Likoni wataka jibu. Wamekuja kwangu mara ya tatu. Mimi niwaambie nini, kwamba mtoto yuko mbioni kusoma habari za mijusi?"

"Nimekusikia, dadangu."

"Kunisikia si jibu."

Mposaji hakuwa mtu mbaya, lazima niseme haki. Alikuwa na duka la vitambaa, alikuwa na adabu, na pua yake tu ndiyo iliyokuwa kubwa. Lakini nyuma ya pazia niliposimama nilimwona Maimuna amekaa kitako juu ya gunia la mchele, amejifunika uso kwa leso, na leso ile ilikuwa ikitetemeka. Nilikuwa sijapata kumwona akilia. Yeye ndiye aliyekuwa akinifuta mimi machozi.

Baba akamwita. "Maimuna. Miaka mitatu waenda skuli. Sitaki unisomee, kusoma hata kasuku akifunzwa asoma. Wataka kubaki skuli, nioneshe kitu kimoja unachokijua wewe na mimi sikijui. Nikione kwa jicho langu. Nikikiona, utaendelea. Nisipokiona, Jumapili shangazi yako atavuka feri na jibu la ndiyo."

Shangazi akapiga kofi pajani. "Haya, hapo umesema."

Kesho yake Maimuna alimwambia mwalimu wake wa sayansi. Mwalimu Tabitha alikuwa mtu wa bara, mwanamke mrefu, msalaba mdogo shingoni, Kiswahili chake kimenyooka kama rula. Hakupoteza maneno. Alisema atakuja mwenyewe nyumbani kwetu Jumamosi baada ya alasiri na hadubini ya skuli, ile ya kuonea vitu vidogo visivyoonekana kwa jicho. Sanduku lake zito atalibeba mwenyewe. Maimuna atangulie na vile vipande vyembamba vya kioo, na chupa ya rangi.

Chupa hiyo ilifika nyumbani Alhamisi, imefungwa kwa karatasi. Ilikuwa ndogo kama ya wanja, na ndani yake mna maji ya rangi ya chai iliyochacha. Ilikuwa iodini, ile ile tuliyopakwa vidondani tukapiga kelele. Maimuna akaiweka ndani ya kidaka cha ukutani, juu, akanionya kwa kidole: "Hii usiiguse. Bila hii, kiini hakionekani."

"Kiini ni nini?"

Alikuwa akimenya vitunguu vya mchuzi. Nadhani alitaka kujizoeza kueleza, na mimi ndiye niliyekuwa karibu. Akakikata kitunguu katikati, akabandua ganda moja la ndani, na kutoka tumboni mwa ganda akavuta ngozi nyembamba, nyembamba kuliko karatasi ya kufungia halwa, ukiweka kidole nyuma yake unakiona.

"Unaona ngozi hii? Ina nyumba ndani. Mamia. Zimeshikana ukuta kwa ukuta kama Mji wa Kale wetu, hakuna hata nafasi ya kupitisha mkokoteni. Kila nyumba inaitwa seli."

"Nani anakaa?"

Hapo ndipo lilipoanzia kosa, na kosa ni la Maimuna, kwa sababu alicheka kisha akanijibu. Akasema kila nyumba ina ukuta wa nje mgumu. Nyuma ya ukuta kuna utando laini, huyo ndiye bawabu, anajua nani aingie na nani abaki barazani. Katikati kuna birika kubwa la maji, kama lile la kutawadhia msikitini. Kuna wachochea makaa, wanachoma chakula ili nyumba ipate nguvu, hao wanaitwa mitokondria. Kuna wapishi wadogo wadogo wasiohesabika, ribosomu, kazi yao kuunda protini. Kuna vichochoro vya kupitishia vitu, na mwisho wa vichochoro kuna wafunga vifurushi, kama wale wa duka la halwa, wanafunga na kuandika vinakokwenda. Jani la mti lina jiko la ajabu zaidi, linapika kwa jua, na ndiyo maana jani ni kijani. Kitunguu kimekaa chini ya mchanga, jiko hilo hakina. "Na kiini," akasema, "ndiye bibi mwenye nyumba. Amri zote ziko kwake. Ukimtoa, nyumba inakufa."

"Na mimi ninazo nyumba hizo?"

"Wewe mzima ni nyumba hizo tu. Tofauti ni kwamba sisi watu hatuna ule ukuta mgumu. Tuna bawabu tu."

Jamani, sikulala mchana ule, na siku hizo kulala mchana kulikuwa sheria. Nilijiangalia mkono. Nilikuwa mji. Nilikuwa na mabibi ndani yangu, wamekaa kwenye viti vya mapambo, wanaamrisha. Nilijifinya kidogo nikasikiliza kama watagomba. Mchuzi wa usiku huo nilitoa vitunguu vyote nikaviweka kando ya sahani, Mama akaniuliza kama naumwa, nikasema nimeshiba. Ningekulaje nyumba za watu?

Na lile onyo lake la chupa likanikaa kichwani. Bila rangi hii, hakionekani. Mimi mtoto wa mpakaji hina nililielewa mara moja. Bibi harusi haonekani. Anafichwa ndani siku nyingi, watu wanasikia tu kwamba yupo. Kisha anapakwa hina mpaka vifundoni, na baada ya hina ndipo anapoketishwa wanawake wote wakamtazama. Basi hawa mabibi wa ndani nao wana haya yao, na chupa ya Mwalimu Tabitha ni hina yao. Ungefikiri nini wewe?

Ijumaa, Baba akiwa msikitini na Mama akiwa jikoni na wali wa nazi, nilipanda kiti nikaitoa chupa. Nilikusudia tone moja tu. Nikalipaka kiganjani, nikangoja bibi ajitokeze. Hakutokea. Nikafikiri yuko mbali, nikaongeza. Nikapaka kiganja cha pili, nikapaka nyayo, goti, na kitovu, kwa sababu kitovu kilinionekea kama mlango. Nikakaa kwenye mwanga wa dirisha nikijitazama mpaka macho yakanitoka machozi. Kilichotokea ni ngozi yangu kuwa rangi ya sufuria kuukuu, na chupa imebaki tupu.

Alasiri Shangazi akapita kuona kama kuna jipya. Akanishika mikono akaigeuza. "Mashallah. Hina imemkolea mtoto huyu. Lakini mbona yanuka dawa?" Mama, bila kugeuka kwenye jungu lake, akasema labda ni sabuni. Wala hakukumbuka kwamba hajanipaka hina. Nyumbani kwetu mtoto mwenye mikono myekundu hakuulizwa kitu.

Nilidhani nimepona. Kisha nikamsikia Maimuna akimwambia Mama, polepole, wakikunja nguo: "Kila kitu ni ile rangi, Mama. Ikikosekana, Baba atatazama aone weupe mtupu. Atasema amedanganywa."

Niliwahi kufanya maovu, nimevunja sahani za watu, nimemfungia mwana wa jirani chooni. Lakini hili lilikuwa jingine. Akilini nilimwona Maimuna na sanduku lake kwenye feri, na mimi nimesimama upande huu. Kusema nikashindwa.

Jumamosi asubuhi Mama alikuwa na bibi harusi wa kumpaka, na bakuli la hina lilikuwa uani, limepondwa, limekamuliwa ndimu. Nikachota kijiko cha mbao. Nikaongeza ndimu na maji, nikachuja kwa ncha ya leso, mara moja, mara mbili, mara tatu, mpaka makapi yakaisha na maji yakabaki ya rangi ya chai. Nikajaza chupa. Kwa mbali, ungeapa ni ile ile. Kwa karibu, ilinuka kama shughuli ya harusi.

Mwalimu Tabitha alifika baada ya sala ya alasiri, jasho likimtiririka, sanduku la mbao begani. Baba alifunga duka, jambo ambalo sikuwahi kuliona siku ya kazi. Shangazi alikwisha kaa, buibui limefunguliwa kifuani, tasbihi mkononi. Mama akaleta kahawa na kaimati, akakaa karibu na mlango. Mwalimu akaiweka hadubini kwenye meza ya dirisha la magharibi, akageuza kioo chake cha chini mpaka kikadaka jua. Ilikuwa ya shaba na rangi nyeusi. Nilimwona Baba akiitazama jinsi alivyotazama saa nzuri, kwa njaa.

Maimuna akavuta ngozi ya kitunguu, akaitandaza kwenye kioo. Mikono yake ilikuwa imara. Akafungua chupa, akadondosha tone.

Harufu ikatembea chumba kizima. Mama akainua pua, kisha akaniangalia mimi, kisha akaangalia mikono yangu. Akachukua kaimati akaitia mdomoni nzima, na mpaka leo nadhani alifanya hivyo ili asiweze kusema. Maimuna naye alikuwa ameganda, chupa mkononi. Lakini jua lilikuwa linashuka na kila mtu anangoja. Akafunika kile kioo kwa kioo kingine chembamba, akainama, akazungusha skurubu, akatazama. Mgongo wake ukanyooka taratibu.

"Baba," akasema, na sauti yake haikuwa yake. "Njoo uone."

Baba akainama. Mafundi saa hawafungi jicho la pili, wanaliacha wazi tu lisitazame kitu. Alikaa hivyo muda mrefu. Chini, dukani, saa zilikuwa zikigonga kumi na moja, moja baada ya nyingine, zikipitana.

"Vyumba," akasema mwisho. "Vimepangwa. Nani kavipanga hivi?" Akakaribisha jicho zaidi. "Na hiki cheusi kidogo ndani ya kila chumba?"

"Ndicho kiini, Baba. Ndicho chenye amri zote za nyumba."

"Mwenye nyumba, na amebanwa ukutani?"

"Birika la maji ni kubwa. Limechukua katikati yote, limemsukuma."

Baba akacheka kidogo, bado jicho liko kwenye kioo. Kisha akauliza swali la fundi. "Kamani iko wapi?" Kamani ni ule ukanda wa chuma uliojizungusha ndani ya saa, ndio unaoiendesha. "Kitu hiki kina uhai. Nani anakisukuma?"

"Mitokondria, Baba. Zinachoma chakula, zinatoa nguvu. Lakini hadubini hii haiwezi kuzionesha vizuri. Ni ndogo mno."

"Ahaa," akasema Shangazi. "Hazionekani. Na aliyesema zipo ni nani?"

Baba akainua kichwa. "Dadangu, ukiniletea saa yako nayo yaenda, kamani siioni. Najua imo. Yaenda kwa nini kama haimo?"

Shangazi akapitisha punje mbili tatu za tasbihi. Kisha akavuta pumzi kwa pua, kwa nguvu. "Mimi hayo siyajui. Ninachojua ni kwamba hapa panuka hina."

Mwalimu Tabitha akaichukua chupa, akainusa, akakunja uso. Yeye harufu ile hakuijua, lakini iodini aliijua. "Hii si rangi niliyoileta mimi," akasema.

Kila mtu akamtazama Maimuna. Uso wake ulikuwa umekuwa wa jivu. Angesema nini, maskini, hakujua kitu. Nikasimama. Nikanyoosha viganja vyangu mbele ya watu wote.

"Niliimaliza mimi. Nilijipaka. Nilitaka kuwaona mabibi wa ndani yangu, hawakutoka. Ndipo nikatia hina ya Mama, nimeichuja mara tatu. Maimuna hajui. Msimpeleke Likoni."

Mama akaimeza kaimati yake.

"Basi," akasema Shangazi, na akakaa vizuri. "Umeoneshwa hina, ndugu yangu. Hukuoneshwa elimu."

Baba aliniita kwa kidole, nikaenda nikijua kofi linakuja. Hakunipiga. Alinishika kidevu. "Vyumba vile ulivichora wewe?"

"La, Baba."

"Yule mwenye nyumba ulimchora?"

"Sikumchora. Nilimpaka tu."

"Basi alikuwamo," akasema Baba.

Mwalimu Tabitha alikuwa amekwisha inama kwenye hadubini, msalaba wake ukining'inia juu ya meza. Alikaa humo sana. Alipoinuka alimtazama Mama, si mimi. "Miaka yote nimetumia iodini," akasema. "Na hapa viini vimeonekana kwa hina. Labda ni ndimu, labda ni majani yenyewe. Mama, hina hii unaipondaje?" Na Mama yangu, ambaye hakuwahi kuulizwa jambo na mwalimu, akajifuta mikono kwa leso, akaanza kumweleza, majani ya wapi, yakaukie kivulini siyo juani, ndimu ya jana siyo ya leo.

Baba akamwambia Maimuna aninyanyue. Nikapandishwa kwenye kiti, nikafumba jicho moja kwa mkono wangu wa kahawia. Mwanzo niliona kope zangu tu. Kisha nikaona. Wenzangu, niseme nini. Mji mzima, umemulikwa kwa jua la magharibi, ukuta baada ya ukuta, hakuna uliopinda, na ndani ya kila nyumba, amejibanza pembeni kwa haya, bibi mmoja mdogo wa mviringo, amepakwa hina. Nilipiga ukelele. Nilisema, "Wamekubali, wamekubali," na Maimuna, aliyekuwa amenishika kiuno, alikuwa akicheka na kulia shingoni kwangu.

"Mteremsheni mtoto," akasema Shangazi. "Jua lakimbia. Na mimi nina macho."

Alisimama, akakusanya buibui lake, akamsukuma Baba kwa nyonga kama walivyofanya walipokuwa wadogo. Akainama. Maimuna akamzungushia skurubu polepole. Baba akakaa kungoja zamu ya pili, akangoja, akakohoa, Shangazi asiinuke.

"Nyumba hii ya pembeni haina mtu," akasema Shangazi, sauti ikitokea chini ya buibui.

"Yumo, Shangazi. Amekaa upande wa nyuma tu. Ngoja, nikisogeza hivi."

"Usisogeze sana. Hapo. Hapo. Aa, namwona. Ajificha, mshenzi." Akajitazama mkono, akarudisha jicho kiooni. "Na mimi ninao? Na uzee huu?"

"Unao, Shangazi. Kila nukta ya ngozi yako."

"Na hao wachoma chakula?"

"Nao."

Alibaki hapo, Maimuna akimweleza nyumba nzima, bawabu, birika na wafunga vifurushi, mpaka dirisha likawa la rangi ya dafu na adhana ya magharibi ikaanza misikiti mitatu kwa pamoja. Alipoinuka, alama ya duara ilikuwa imemkaa jichoni kama ile aliyokuwa nayo Baba kila jioni. Akafunga buibui lake, akatafuta viatu kwa miguu, asimtazame mtu.

"Kesho nitavuka feri," akamwambia Baba. Maimuna akashika ukingo wa meza. "Nitawaambia msichana bado yuko skuli. Na wakiniuliza anasoma nini, wewe Maimuna njoo unisindikize mpaka chini ya ngazi, uniambie tena taratibu, huyu bawabu, na birika, na yule anayefunga vifurushi, nisije nikawachanganya mbele za watu."